CPR (kumwokoa mtu ambaye moyo umesimama): kubonyeza kifua tu, au na kupuliza pumzi?

Mwana_wa_Dunga: Wadau, juzi hapa ufukweni tulimtoa kijana ziwani, hapumui. Mmoja akaanza kubonyeza kifua, wa pili akashikilia lazima apulizwe mdomoni, wa tatu yuko tumboni anakamua maji. Tukabishana huku kijana amelala mchangani. Alipona, Mungu ni mkubwa, lakini ningependa kujua njia ipi ni ipi.

Boda_Kondele: Mimi ni mikono tu. Mzee akianguka ghafla stejini, simjui, mdomo una damu, nitampuliza vipi? American Heart Association, shirika la moyo la Marekani, walishaikubali njia hii tangu 2008.

Muuguzi_Nakuru: Kwa mzee wako uko sawa kabisa. Alikuwa anapumua vizuri hadi moyo uliposimama, kwa hiyo damu yake bado ina oksijeni ya dakika chache. Kazi yako ni kuizungusha. Bonyeza katikati ya kifua, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kila mara uache kifua kirudi juu. Wengi hukosea hapo, wanamwegemea mtu. Na akihema mara moja moja kama samaki aliyetupwa nje, huko si kupumua, usiache. Mwenzako apige 999 au 1199 ya Msalaba Mwekundu, kisha mpokezane kila dakika mbili, maana mikono huchoka upesi.

Aliyezama ni habari nyingine. Yeye alikosa hewa kwanza, moyo ukafuata. Ukibonyeza tu, unazungusha damu isiyo na kitu. Mpulizeni pumzi mbili (wengine hufundishwa tano), kisha mibonyezo 30, pumzi mbili, 30 tena. Tumbo msiliguse jamani! Matapishi hupanda yakaingia mapafuni.

Mama_Migosi: Na mtoto wa miezi minane?

Muuguzi_Nakuru: Pumzi, dada. Moyo wa mtoto mara nyingi husimama kwa kukosa hewa. Funika mdomo na pua yake pamoja kwa mdomo wako, puliza kidogo tu, ukiona kifua kimeinuka yatosha. Kubonyeza, zungushia mikono kifuani utumie vidole gumba viwili, kishuke theluthi moja.

Boda_Kondele: Na asiyejua kupuliza, amkute aliyezama?

Muuguzi_Nakuru: Abonyeze tu. Ni afadhali mara mia kuliko kusimama ukitazama.

Mwana_wa_Dunga: Asante sana, dada. Ila tulipompuliza hewa ilikataa kuingia.

Muuguzi_Nakuru: Kichwa mlikilaza nyuma, kidevu mkakiinua? Na pua mliibana?

Mwana_wa_Dunga: Kichwa ndiyo. Pua hatukubana.