Bundi wamezaa darini kwangu na mama mkwe anataka wauawe: naomba ushauri

Mkulima wa Mvomero (mwanzisha uzi)

Habari za jioni, ndugu zangu. Nina jambo ambalo limeninyima usingizi kwa wiki mbili sasa, na ninawaomba mnisome hadi mwisho kabla ya kunijibu.

Ninaishi wilaya ya Mvomero, mkoani Morogoro, katika nyumba ya tofali za kuchoma iliyoezekwa kwa bati na kuwekwa dari. Chumba cha nyuma tumekifanya stoo ya mahindi. Tulipomaliza kupukuchua mwaka huu, tulianza kusikia kila usiku baada ya sala ya Isha sauti kama ya mtu mzima anayekoroma, ikitokea juu ya stoo hiyo. Nilidhani ni paka wa jirani. Juzi nilichukua ngazi, nikafungua kifuniko cha dari na kumulika kwa tochi ya simu, na nilichokiona kilinifanya nibaki nimeshikilia ngazi bila kusogea: makinda wanne wa bundi, wamejipanga ukutani kwa ukubwa tofauti kama watoto waliozaliwa kwa miaka tofauti, nyuso nyeupe zenye umbo la moyo, wote wakiyumba kushoto na kulia huku wakitoa sauti ya kufoka. Mkubwa wao ameanza kutoa manyoya ya rangi ya dhahabu mabawani, na mdogo bado ni pamba tupu. Hapakuwa na kiota cha majani wala vijiti. Wamekaa juu ya tabaka la vitu vyeusi vinavyofanana na vinyesi vya mbwa vilivyokauka, na harufu yake inaingia hadi stoo.

Sasa tatizo lenyewe. Mke wangu ana ujauzito wa miezi saba, na mama yake amekuja kutoka Handeni kumuuguza. Mama alipoambiwa kilichopo darini alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba nyumba yenye mjamzito hailali na bundi, na kwamba kama sitawaondoa atamchukua binti yake arudi naye. Ninamheshimu sana mama huyu, na sitaki aondoke nyumbani kwangu akiwa na hofu au hasira. Kijana mmoja wa jirani amejitolea kuwachoma kwa moshi wa pilipili. Mtu mwingine, wa kitongoji cha pili, amekuja kwa siri akitaka kuwanunua wakiwa hai, na hakutaka kunieleza ni kwa matumizi gani.

Mimi binafsi moyo wangu haujakubali kuwaua. Nifanye nini?

Bwana Shamba Mstaafu

Ndugu yangu, umefanya vema kuuliza kabla ya moshi kuwashwa.

Hao uliowaona, kwa maelezo ya uso wenye umbo la moyo, ni wale bundi wapendao kukaa kwenye majengo, magofu na mapango, ambao wataalamu huwaita *Tyto alba*. Mkoromo mnaousikia si wa mzazi, ni makinda wanaoomba chakula. Wanatofautiana ukubwa kwa sababu jike huanza kuatamia tangu yai la kwanza, na mayai mengine hufuata kila baada ya siku mbili au tatu, kwa hiyo hawaanguliwi siku moja. Hivyo vitu vyeusi navyo si vinyesi. Bundi humeza panya mzima mzima, kisha hutapika manyoya na mifupa iliyofungwa pamoja kama tonge. Chukua tonge moja, liloweke kwenye maji yenye sabuni, ulifungue kwa vijiti viwili, halafu uje utueleze umeona nini ndani yake. Ninakuomba ufanye hivyo kabla ya kuamua lolote.

Makinda wa aina hii huanza kuruka wakiwa na umri wa takriban siku 55, na huendelea kurudi kulala mahali pale kwa wiki chache nyingine. Kama mkubwa ameanza kutoa manyoya ya mabawa, basi amekwisha kupita mwezi mmoja. Kwa hiyo jambo unaloliombea ushauri si la kudumu: ni la wiki tano au sita, na baada ya hapo unaziba tundu walilopitia na dari inarudi kuwa yako.

Mkulima wa Mvomero

Mzee wangu, nimefanya ulivyoniagiza. Nimefungua matonge matatu. Katika la kwanza nimekuta mafuvu manne ya panya, meno ya mbele yakiwa bado na rangi yake ya njano iliyokolea. La pili lilikuwa na matatu, na la tatu mawili pamoja na fuvu dogo lenye pua ndefu, nadhani la kirukanjia. Nimeyapanga juu ya kipande cha gunia na kumwonyesha mke wangu. Hakusema kitu, ila aliyahesabu mara mbili.

Binti wa Kilosa

Kaka, mimi nitakueleza yaliyotupata sisi. Miaka kadhaa iliyopita bundi wawili walikuwa wakilala kwenye dari ya ghala letu, na marehemu baba mdogo aliwaua kwa manati baada ya shangazi kuugua. Shangazi alifariki hata hivyo, kwa kuwa ugonjwa wake ulikuwa umekwisha kujulikana hospitalini kabla bundi hawajaonekana. Msimu uliofuata panya shamba waliongezeka katika kijiji chetu kiasi kwamba tulipanda mahindi mara mbili, maana mbegu zilifukuliwa mstari kwa mstari usiku uleule tulipozifukia. Sisemi kwamba bundi wawili wangeuzuia mlipuko wote ule, lakini mama yangu hadi leo hutaja mambo hayo mawili pamoja, na huyataja kwa majuto.

Bwana Shamba Mstaafu

Dada amesema kwa uangalifu, nami nitaongezea. Panya shamba wa kwetu jike mmoja anaweza kuzaa watoto kumi au zaidi kwa uzao mmoja, na mvua zikiwa nzuri wanaongezeka kwa kasi ambayo hakuna ndege anayeweza kuifuata. Ndiyo maana Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, hapo hapo Morogoro mjini, kimekuwa kikiwachunguza panya hawa kwa miaka mingi. Kwa hiyo bundi hatoshi peke yake, anakupunguzia kazi. Familia moja yenye makinda inaweza kula panya zaidi ya 1,000 kwa mwaka, na hiyo ni kazi ambayo hulipi hata senti. Malaysia wanawawekea masanduku ya kuzalia kwenye mashamba ya michikichi. Israeli walianza kuwawekea masanduku mwaka 1983, katika kijiji cha ushirika (kibbutz) cha Sde Eliyahu, na baadaye wakulima wa Jordan wakajiunga na kazi hiyo, ingawa nao wamekulia katika itikadi ileile ya kwamba bundi ni mkosi.

Nakusihi jambo moja zaidi: usitege sumu ya panya nyumbani wakati bundi wapo. Zile sumu zinazozuia damu kuganda, kama brodifakumu na bromadioloni, hazimwui panya papo hapo. Anatembea siku kadhaa akiwa amelegea, bundi anamkamata kwa urahisi, na sumu inahamia kwa bundi na makinda wake.

Ustadhi wa Madrasa

Assalaam alaykum. Kwa kuwa umetaja sala ya Isha, nami nitasema kwa upande huo, na nitafurahi kama utamfikishia mama maneno haya kwa adabu, bila kumfanya aone kwamba anasutwa.

Waarabu wa zama za kabla ya Uislamu walikuwa na itikadi mbili zinazohusu ndege. Ya kwanza ni tiyara: mtu akitaka kusafiri humtimua ndege na kutazama ameruka upande gani, kulia ni heri na kushoto ni shari. Ya pili ni hama, nayo inahusu ndege wa usiku, bundi, ambaye walidai kwamba ni roho ya aliyeuawa inayolilia kisasi, au kwamba akitua juu ya nyumba anatangaza kifo cha mwenyeji. Katika Sahihi Bukhari imo hadithi ambayo Mtume, rehema na amani zimshukie, amezikanusha zote mbili kwa kuzitaja. Hofu ya mama ni ya kale sana, na si yake peke yake. Lakini jibu lake nalo ni la kale. Huenda akalipokea vizuri zaidi likitoka kwa shehe wa msikiti wenu anayemwamini kuliko likitoka kwa mkwe wake.

Muuguzi wa Zahanati

Nimefanya uuguzi vijijini kwa miaka mingi, na kila mahali nilikopangiwa kazi nimekuta watu wakisema bundi akilia karibu na wodi mgonjwa atakufa. Nilianza kulitazama jambo hilo kwa makini. Taa ya wodi huwaka usiku kucha, na mara nyingi ndiyo taa pekee katika eneo zima. Taa huvuta wadudu, wadudu huvuta mijusi na popo, na baadhi ya bundi huja kuwinda hapo. Nyumbani penye mgonjwa mahututi pia taa haizimwi, na watu wako macho saa nane za usiku, saa ambayo siku nyingine wangekuwa wamelala wasimsikie ndege yeyote. Bundi amelia usiku mwingi ambao wagonjwa wangu waliamka wakiwa na nafuu, na hakuna aliyekuja asubuhi kusema kwamba ni kwa sababu ya bundi.

Kuhusu afya, msipuuze harufu. Mke wako asiingie stoo hiyo wala asishike chochote kilichotoka darini. Wewe ukipanda, vaa barakoa na glavu, nyunyizia maji kabla ya kukwangua ili vumbi lisipande, na unawe kwa sabuni. Hata hivyo kwa mjamzito mimi ninawaogopa panya zaidi. Mkojo wao hubeba ugonjwa wa leptospirosisi, na ndugu zetu wa Lushoto wanakumbuka vema tauni iliyozuka kuanzia mwaka 1980, ambayo iliwafikia watu kwa njia ya viroboto wa panya.

Fundi Seremala

Kwa nini asiwahamishe makinda leo hii kwenye sanduku nje ya nyumba? Harufu ingeisha na mama angetulia.

Bwana Shamba Mstaafu

Fundi, nia yako ni njema, lakini wazazi huleta chakula mahali walipozoea, na ukiwahamisha makinda ghafla unaweza kuwaacha wafe kwa njaa mbele ya macho yako. Sanduku lijengwe sasa, liwekwe sasa, ila kwa ajili ya uzao ujao. Mbao za paini zinatosha. Sakafu iwe sentimita 40 kwa 60, tundu liwe la sentimita 13 hivi, na kutoka tundu hadi sakafu pawe na kina cha sentimita 45, ili makinda wasianguke kabla ya wakati. Lifungwe juu ya mti au nguzo kwa urefu usiopungua mita tatu, mahali penye kivuli, mbali na dirisha la chumba cha kulala. Mkulima akiziba dari bila kuwapa mahali pengine, watakwenda kwenye dari ya jirani, na sijui jirani huyo atakuwa na moyo gani.

Mwanasheria wa Kijijini

Nitakuwa mfupi. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori, Namba 5 ya mwaka 2009, inasema wanyamapori wote ni mali ya umma chini ya dhamana ya Rais, na ndege ni miongoni mwao. Kuwaua au kuwauza bila kibali ni kosa. Bundi wote pia wamo katika orodha za mkataba wa CITES unaodhibiti biashara ya kimataifa ya viumbe vya porini. Huyo mtu aliyekuja kwa siri mkatalie mbele ya shahidi, na umjulishe mwenyekiti wa kitongoji pamoja na afisa wanyamapori wa wilaya. Usimwonyeshe mahali ngazi inapokaa.

Mkulima wa Mvomero

Ndugu zangu, nimerudi baada ya wiki tano kuwapa mrejesho, maana mlinipa muda wenu.

Mnunuzi nilimkatalia mbele ya mwenyekiti, na hajarudi. Kijana wa moshi nilimwomba anisaidie kupandisha sanduku kwenye mwembe, naye alikubali. Shehe alikuja nyumbani akakaa na mama barazani kuanzia alasiri hadi karibu na magharibi. Mimi sikukaa nao. Mama hajaniambia kwamba amebadili imani yake, nami sijamuuliza. Alichosema usiku ule ni kwamba yeye na binti yake watahamia chumba cha mbele, mbali na stoo, na kwamba ndege hao wasubiriwe waondoke wenyewe.

Makinda watatu wameruka. Jioni moja tulimwona mkubwa ametua juu ya fito za boma la ng'ombe, mzazi akamletea panya, na mama alikuwa amesimama mlangoni akitazama, kanga ameifunika mdomoni. Hakurudi ndani hadi walipoondoka. Yule mdogo bado anakoroma darini, peke yake sasa, na sauti yake imekuwa nzito.

Mke wangu anatarajia kujifungua wiki chache zijazo. Magunia ya mahindi niliyakagua jana na lililotobolewa ni moja tu, wakati mwaka jana mwezi kama huu yalikuwa saba. Tundu la chini ya bati nimekwisha kulipima na kipande cha mbao kipo tayari. Sitakipigilia hadi nisikie kimya kwa usiku tatu mfululizo.