Tofauti ya "by" na "until" katika kutaja kikomo cha muda

Muulizaji
Habari zenu, ndugu zangu. Naomba ufafanuzi kuhusu maneno mawili ya Kiingereza yanayohusu muda. Katika tangazo moja la kazi nimesoma sentensi hizi zikifuatana: "Applications are open until Friday" na "Applications must reach us by Friday". Mimi zote mbili nazielewa kwa neno letu moja, "mpaka Ijumaa" au "hadi Ijumaa", lakini naona mwandishi hakuyabadilisha maneno hayo kwa ajili ya kupamba lugha tu. Je, ipo kanuni ya kuitegemea, au ni mambo ya kukariri? Vilevile ningependa kujua "on time" na "in time" zinaachana wapi.

Mchangiaji wa kwanza
Kanuni ipo, ndugu, nayo inatokana na aina ya tendo linalozungumziwa. Tendo au hali inayoendelea muda wote mpaka kikomo, kama kusubiri, kukaa, kulala au kuwa wazi, huchukua "until". Tendo linalotimia mara moja, wakati wowote kabla kikomo hakijapita, kama kulipa, kuwasilisha, kumaliza au kufika, huchukua "by". Ndiyo maana tangazo ulilosoma halina kosa: nafasi ya kuomba inabaki wazi siku zote hizo, ilhali barua ya kila mwombaji hufika mara moja.

Kiswahili nacho kinaweza kukusaidia kupima. Weka "kufikia" mahali pa "mpaka", kisha usikilize. "Lipa ada kufikia Ijumaa" inakubalika, na Kiingereza chake ni "by Friday". "Nisubiri kufikia Ijumaa" haisemeki, kwa hiyo hapo ni "until Friday". Kwa sababu hiyo siafiki ushauri wa kukariri orodha za sentensi, kwani mtu akikariri hukwama mara anapokutana na kitenzi kipya.

Mchangiaji wa pili
Maelezo ya mwenzangu yanatosha kwa sentensi yakinishi, lakini ukanushi unahitaji uangalifu zaidi. Kitenzi cha tukio la mara moja kikikanushwa kinaweza kuchukua "until" pia, kwa kuwa kinachoendelea wakati huo ni ile hali ya tukio kutotokea. Linganisha sentensi hizi mbili.

"The goods will not arrive until Friday" humwambia msomaji kwamba kabla ya Ijumaa asitarajie kitu, ila siku hiyo mzigo utafika. "The goods will not arrive by Friday" humwambia kwamba Ijumaa itapita mzigo ukiwa bado haujafika, na hakuna siku yoyote aliyoahidiwa. Mfanyabiashara aliyepokea ujumbe wa kwanza atakodi gari la kupakulia mzigo siku ya Ijumaa, lakini aliyepokea wa pili hana bado la kupanga. Naliona jambo hili kuwa zito kuliko mengine yote katika mada hii, kwa sababu sentensi zote mbili ni sahihi kisarufi, na hivyo mwandishi akichagua isiyo yake hakuna kitakachomshtua msomaji mpaka hasara itokee.

Mchangiaji wa tatu
Liko pia suala la siku yenyewe kuhesabiwa au kutohesabiwa. "By Friday" kwa kawaida huijumuisha Ijumaa, ingawa haisemi kama ni asubuhi au jioni, na ndiyo maana ofisi nyingi huongeza saa. "Until Friday" ina utata: mtu akiandika "I am on leave until Friday", hujui kama Ijumaa yumo kazini au bado yuko likizo. Wamarekani huuondoa utata huo kwa kusema "through Friday", maana yake likizo inaimaliza siku hiyo. Waingereza, hasa katika mikataba, huandika "up to and including Friday". Kwa barua pepe ya kawaida ningeshauri kutaja siku ya kurudi, yaani "I will be back on Monday", na shaka yote itakwisha.

Muulizaji
Nawashukuru sana, hasa kwa ule mfano wa mzigo. Limebaki lile la "on time" na "in time".

Mchangiaji wa kwanza
"On time" hupimwa kwa ratiba. Treni iliyopangiwa kuondoka saa mbili ikaondoka saa mbili, imeondoka "on time". "In time" hupimwa kwa jambo jingine linalokaribia kutokea, na mara nyingi hufuatwa na "for" au "to" ili jambo hilo litajwe. Tuseme mkutano umeanza saa tatu kamili, nawe ukaingia saa tatu na nusu, dakika chache kabla ya kura kupigwa. Hukufika "on time", lakini umefika "in time to vote".