Mrejesho: zawadi ya shoga yangu mpenda farasi

Asalaam alaykum. Niliomba ushauri wa zawadi ya shoga yangu apendaye farasi, yule anayekwenda Nungwi kuwapanda ufukweni kila akipata nafasi. Wengi mlisema picha ya ukutani. Nikamfuata aliyesema nimpe kitu cha kazi: brashi ngumu na kichuma cha kuchokolea kwato, nikavitia ndani ya kisanduku cha njumu, yaani chenye nakshi za madini.

Jamani, alivyofurahi! Akanichukua hadi kwa farasi, akaukunja mguu wa farasi, akachokoa ukwato kutoka kisiginoni kwenda mbele, taratibu pale penye nyama laini ya katikati. Kijiwe kikikwama humo farasi huchechemea. Ahsante sana uliyenishauri, Mungu akuzidishie. Sasa ananiomba shanuo la singa za shingoni, nalitafuta.