Dar–Muscat: kikokotoo kinasema masaa 4 na dakika 40, tiketi inaonyesha 6 na nusu. Mama atoke lini Tanga?

Mwana wa Chumbageni:
Asalaam aleikum wadau. Mama anakwenda Muscat kumwona dada aliyejifungua. Hajawahi kupanda ndege, na magoti yanamsumbua, kukaa sana hawezi. Nimepima mtandaoni, Dar hadi Muscat ni kama kilomita 3,970, masaa manne na dakika 40. Tiketi inasema kuondoka 16:00, kufika 22:30, moja kwa moja. Hayo karibu masaa mawili yametoka wapi? Na akipanda basi la alfajiri siku hiyohiyo, atawahi?

Mpemba wa Muscat:
Waaleikum salaam. Huku tuko mbele yenu kwa saa moja. 22:30 ni saa za Muscat, Tanga itakuwa saa tatu na nusu usiku. Kwa hiyo mama atakaa masaa matano na nusu, siyo sita na nusu. Kikokotoo nacho kinapiga mstari ulionyooka kwa mwendo wa huko juu tu, hakihesabu ndege kusubiri zamu ya kuruka, kupanda na kushuka. Siku ya kurudi mtaona ajabu: saa ukutani zitahesabu manne na nusu, na safari ni ileile.

Dereva Mstaafu:
Mwanangu, hesabu ya angani mmeimaliza, ya barabarani ndiyo inayonitia hofu. Tanga–Dar kwa anga ni kama kilomita 200. Barabara inazungukia Segera na Chalinze, inakaribia 350. Nimeiendesha miaka mingi. Basi la saa 12 asubuhi laweza kuingia stendi ya Mbezi, Dar, saa 6 mchana, na siku ya foleni laweza kuingia saa 8. Mama anatakiwa awe uwanja wa ndege, Terminal 3, saa 7. Usithubutu. Alale Dar.

Binti Raskazone:
Kama uwezo upo, apande ndege ndogo hapahapa Tanga. Hata ikitua Unguja haizunguki, kisiwa kiko njiani kabisa. Ila uliza mizigo, nyingi zinaruhusu kilo 15 tu, na zile ndogo hutua Terminal 1. Atahitaji gari la kumpeleka 3.

Mwana wa Chumbageni:
Ahsanteni sana, Mungu awalipe. Kilo 15 haziwezekani, kanga na bizari za mzazi peke yake zimeshajaza begi. Tutapanda basi Jumatano, alale kwa shangazi Kimara, ndege Alhamisi. Nitamsindikiza mwenyewe mpaka mlangoni.

Mpemba wa Muscat:
Kiti cha magurudumu umekiomba? Piga simu shirika la ndege leo, hakilipiwi. Omba na kiti cha kando ya njia, awe anainuka kila baada ya saa moja kunyoosha magoti. Na dada aje uwanjani saa nne na nusu za huku, asije akahesabu za Tanga.

Mwana wa Chumbageni:
Kiti sikujua kabisa. Napiga sasa hivi.