Mjadala: Anayesomea utalii huku kusini asome na fasihi, au tunampotezea muda?

Mwenye mada (Mtwara mjini)
Wadau, habari za msimu. Nasema hivi, nanyi nipingeni: anayesomea utalii huku kwetu asipewe cheti kabla hajasoma fasihi ya kusini. Wenzangu kazini wananicheka. Eti utalii ni biashara na ukarimu, fasihi ibaki kwa walimu wa Kiswahili.

Juzi nilivuka kutoka Kilwa Masoko kwenda Kisiwani na vijana wa chuo (sikitaji) waliokuwa kwenye mazoezi. Aliyeongoza alikuwa na daftari lake: Husuni Kubwa (jumba la masultani), Msikiti Mkuu, Gereza (ngome), msafiri Ibn Battuta kafika 1331, UNESCO imeorodhesha 1981. Hakukosea hata mwaka mmoja. Tukiwa katikati ya mkondo, mgeni mmoja akauliza wenyeji walikuwa wakisimulia nini juu ya kisiwa chao. Kijana akafunua daftari, akafunua tena, akasema, "Tukifika tutaona magofu."

Jibu lilikuwa chini ya boti. Tarikh ya Kilwa, yaani historia ya mji iliyoandikwa zamani, ambayo nakala yake ya Kiarabu iko London, inasema mfalme wa Kishirazi alikinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka chote. Muuzaji akahamia bara, kisha akajuta, akapanga kurudi kwa vita maji yakitoka, kwa kuwa maji yakitoka watu walivuka kwa miguu. Washirazi wakapachimba pale kivukoni. Alipokuja akangoja maji yatoke, hayakutoka. Habari ya Kiswahili iliyoandikwa baadaye haina kuchimba: humo inasomwa Kurani, bahari inajaa. Na humo muuzaji ana jina, Mrimba, wa kabila la Wamachinga, tena binti yake kaolewa na huyo mnunuzi. Mkondo ni ule ule, habari mbili. Kila msimuliaji alikuwa anamtetea nani? Swali hilo halimo kwenye somo la huduma kwa mteja, limo kwenye fasihi.

Muongozaji (Kilwa Masoko)
Shikamoo mwalimu. Habari ya nguo tunaijua tangu utotoni, hatukuisubiri London. Shida yetu ni muda. Mgeni anataka picha ya Husuni Kubwa kabla jua halijawa kali, na nahodha anapiga kelele maji yanakimbia. Halafu kuna wachimbaji wa mambo ya kale. Wameonyesha kwamba watu walikuwa wakiishi pale kabla ya hao Washirazi wa tarikh. Nikimwambia mgeni kisiwa kilianza kwa nguo, jioni akisoma simu yake nitaonekana muongo.

Mmachinga halisi (Lindi)
Kumbe babu alitoa kisiwa akapewa vitambaa, na wajukuu mpaka leo tuko Kariakoo na vitambaa mabegani! Hiyo iingie kwenye mtaala.

Binti wa Newala
Mimi napinga, tena si kwa mzaha. Mnaposema "fasihi ya kusini" mnawaza vitabu. Kwetu Umakondeni fasihi nyingi ni ya mdomo, na sehemu kubwa iko jandoni na unyagoni. Mimi nimechezwa. Kuna nyimbo kungwi alinifundisha ambazo sijamwimbia hata mume wangu. Mapiko yalipotoka tulikimbia kweli, na nani yuko nyuma ya kinyago haikuwa habari ya mtoto.

Mwaka jana, kwenye hoteli moja hapo Mtwara, nilikuta sindimba ikichezwa bustanini dakika kumi, kati ya supu na samaki. Mpiga ngoma alikuwa anatazama saa. Hivyo ndivyo inavyokuwa jambo likishaingia kwenye mtaala wa utalii: mwanafunzi anakuja kijijini na kinasa sauti, anaandika tasnifu, halafu mwenye hoteli anaisoma. Wasomi watasema wamehifadhi. Wametuuliza?

Mwalimu wa sekondari (Lindi)
Dada, nakubali ya unyago yaachwe unyagoni. Lakini kuna yaliyokwisha kuchapwa na bado hatuyatumii. Abdul Karim bin Jamaliddini wa hapa Lindi alitunga utenzi wa Vita vya Maji Maji, ukatoka na tafsiri ya Kiingereza 1957. Ebrahim Hussein, mwana wa mkoa huu, aliandika tamthilia ya Kinjeketile, 1969, na wengi tumeisoma darasani. Vita vyenyewe vilianzia Nandete, wilaya ya Kilwa, Julai 1905, kwa kung'oa pamba. Nani kati yenu amempeleka mgeni Nandete?

Ila mwenye mada aangalie. Hussein mwenyewe anatahadharisha kwamba Kinjeketile wake ni wa kubuni, wala si yule Kinjikitile Ngwale, mganga wa Maji Maji aliyenyongwa na Wajerumani. Hata herufi kazibadili. Mwanafunzi asiyejua kusoma tamthilia atamkaririsha mgeni maneno ya jukwaani kana kwamba mzee aliyasema. Kwa hiyo fasihi ifundishwe na mtu wa fasihi. Kuongeza kurasa mbili kwenye somo la utalii ni kuongeza uongo.

Mwenye mada
Binti wa Newala, umenishika. Nilipoandika nilikuwa nawaza tarikh na tenzi, unyago sikuuwaza kabisa, na huo ni upofu wangu. Basi napunguza dai: yasomwe yaliyochapwa kwanza, na ya mdomo yasiguswe mpaka wenyewe waseme lipi linatoka na lipi linabaki.

Lakini kwa muongozaji silegezi. Wachimbaji hawajaivunja habari ya nguo, wameipa utamu. Mwambie mgeni yote mawili: udongo unasema watu walikuwepo, tarikh inasema kisiwa kilinunuliwa. Kisha muulize yeye, anayedai amenunua anahitaji kuthibitisha nini?

Muongozaji (Kilwa Masoko)
Haya mwalimu. Jumamosi nina watu sita. Nitamwambia nahodha azime injini katikati ya mkondo, dakika tano, niseme ya nguo, ya kuchimba na ya Mrimba. Maji yakituwahi tukakwama, mafuta ya ziada unalipa wewe.