Singe za Waingereza: nichukue ile ndefu ya 1907 au No. 4 ya msumari?

mdau_leicester: Wakuu habari zenu. Nataka kuanza kukusanya singe za Waingereza za wakati wa vita, vile visu vya kufungwa kwenye mtutu wa bunduki. Jumamosi kuna mnada huku, nimeona mbili, ile ndefu ya 1907 na No. 4 ile kama msumari. Hela inatosha moja tu, nichukue ipi?

Mzee wa Kutu: Mkuu umeuliza nusu. Bajeti ngapi? Zina ala? Chapa zinasomeka? 1907 ni modeli tu, mwaka wa kutengenezwa umegongwa chini yake, mwezi na mwaka, kisha kiwanda, Wilkinson, Sanderson, Chapman... Bila hivyo tunakisia.

Binti_Mvita: Mi nasema 1907. Ubapa inchi 17, ukiitundika ukutani kila anayeingia anaiona. Huo msumari inchi 8 tu, utauangalia nini?

fundi_cherehani: Dada usiidharau hiyo. No. 4 Mk I (Mk ni toleo) ubapa wake ukiutazama kwa nchani una umbo la msalaba na waliotengeneza ni Singer, hao hao wa cherehani, kiwanda chao cha Clydebank kule Scotland. Mk II ndo mviringo mtupu maana vita ilitaka vitu vya haraka, hizo zipo tele. Mdau ulizia ni Mk ngapi.

Kipanga: Na ukionyeshwa 1907 yenye kulabu pale kwenye kingio cha mpini kaa macho. Kulabu iliondolewa 1913 kwa hiyo zenye nayo ni adimu, bei iko juu, na matapeli wanalijua hilo. Mimi kuna muuzaji alinitumia moja, picha safi kabisa, nikalipa. Ilipofika nikaisogeza dirishani, pale kulabu inapoungana chuma kina rangi ya bluu ya moto na ukipitisha ukucha unasikia tuta, nikageuza nikakuta chapa ya 5 17, yaani Mei 1917, na kwenye kichwa cha mpini kuna lile tundu la kutolea uchafu lililoanza 1916. Kulabu imechomelewa juzi! Nikamwandikia, akadai na yeye aliinunua hivyo hivyo, hela hakurudisha, mpaka leo meseji hajibu. Inaniuma hadi kesho.

Mzee wa Kutu: Pole sana ndugu. Mdau, angalia na mbao za mpini, ukikuta mifereji miwili imekatwa kwa kukingama hiyo ni P1913, modeli nyingine ya bunduki ya P14, haikai kwenye SMLE, ile bunduki ya Waingereza inayotumia 1907.

mdau_leicester: Ahsanteni. Bajeti pauni 120, ala zipo, ya 1907 ni ya ngozi. Chapa sijaangalia, kutu imejaa. Naweza kupiga msasa?

Mzee wa Kutu: MSASA?? Usiguse! Utafuta chapa zote. Mafuta mepesi na kitambaa, basi.

Binti_Mvita: Mzee na wewe, yangu nimeisugua na inang'aa, wageni wanaisifia.

Mzee wa Kutu: Wageni sio wakusanyaji, binti yangu. Ule weusi wa chuma ndio umri wake, ukishautoa haurudi.

fundi_cherehani: Babu yangu alikuwa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki), 1944 walipita bonde la Kabaw kule Burma mpaka mto Chindwin. Kwenye picha yake singe ni fupi ila ina ubapa mpana, sio msumari.

Kipanga: Inaweza kuwa 1907 ya India, wakati wa vita walizikata zikabaki inchi 12 hivi. Weka picha tuone mpini.

fundi_cherehani: Picha iko Tanga kwa shangazi, ngoja nimpigie.