Tupeane uzoefu: urefu wa bomba kwenye boksi la sabufa ya gari

Mbao18
Wakuu, salaam. Maboksi mengi hapa mjini bomba lake la kutolea hewa linakatwa kwa kukisia: "weka nusu futi, litapiga." Kupiga linapiga, ila noti moja tu, kila wimbo besi ni ileile. Uzi huu ni wa vipimo. Aliyepasua kioo cha Toyota IST kwa besi aende na stori yake kwenye uzi mwingine.

Naanza na lita, maana hesabu huharibika hapo kabla bomba halijaguswa. Chukua boksi la MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa) ya milimita 18, nje sentimita 58 kwa 40 kwa 38. Ukizidisha vipimo vya nje unapata lita 88, lakini hizo lita hazipo. Toa sentimita 3.6 (unene wa mbao mbili) kwenye kila kipimo: ndani ni 54.4 × 36.4 × 34.4, yaani lita 68.1. Sasa toa mwili wa spika ya inchi 12 (takriban lita 3.5, angalia karatasi yake), bomba lenyewe (2.6), na mbao za kona na za kukaza (kama 2). Zinabaki lita 60. Hizo ndizo za kuingiza kwenye hesabu.

Kiwiko Kimoja
Umemaliza kazi ngumu, mkuu. Hesabu yenyewe ni hii, sentimita kwa lita:

Urefu = (23,562 × D × D × idadi ya mabomba) ÷ (F × F × V) − (0.732 × D)

D ni kipenyo cha ndani cha bomba, F ni Hz (mitetemo kwa sekunde) unazotaka boksi liimbe, V ni lita halisi. Ile 0.732 ipo kwa sababu hewa inayosukumwa haiishii mdomoni mwa bomba. Inajivuta kidogo nje na ndani, kwa hiyo bomba hujifanya refu kuliko lilivyo.

Kwa lita 60 na 34 Hz, bomba moja la PVC la inchi 4 lenye kipenyo cha ndani 10.4: sehemu ya kwanza inatoa 36.7, unatoa 7.6, unabaki na sentimita 29.1. Unene wa ubao wa mbele umo humo humo, usiuongeze tena.

Mwenye kushika lita 88 za nje angekata sentimita 17.4. Kwenye boksi la lita 60 bomba hilo linaimba 41 Hz, siyo 34. Noti moja mnayoilalamikia mara nyingi inatoka hapo.

Mbao18
Na jamani, bomba la dukani lililoandikwa 110 ni milimita za NJE. Ndani inategemea unene wa ukuta, bomba jepesi na zito hazilingani. Pima mwenyewe kabla ya kulipia.

Gerezani Besi
Bomba moja la inchi 4 kwa spika ya inchi 12 linatosha wati za wastani. Ukiipa wati 500 za kweli (siyo za kwenye boksi la karatasi) hewa inatoka kwa kasi hadi unasikia "fuuu" juu ya besi. Hewa ikivuka kama mita 17 kwa sekunde, kelele hiyo inaanza.

Watu hukimbilia kuongeza bomba la pili kwa urefu uleule. Kosa! Tundu likiwa kubwa mara mbili, boksi linapanda Hz. Mabomba mawili kwa 34 Hz yanataka sentimita 66 kila moja, wakati boksi ndani lina 54. Hapo unaweka kiwiko, unapima kwa kufuata katikati ya njia ya hewa, na kumbuka mabomba marefu yanakula lita, kwa hiyo boksi linakua na hesabu inaanza upya. Mdomo wa ndani uache nafasi ya kipenyo kimoja cha bomba kabla ya ukuta. Ukibana hapo, hewa haipumui.

Wanaotaka tundu la mstatili la mbao: tumia 30,000 × eneo ÷ (F × F × V), kisha toa nyongeza ya mdomo (ile 0.732 × kipenyo cha bomba la duara lenye eneo hilohilo). Tundu la 5.2 kwa 34.4 lina sentimita za mraba 179. Kwa lita 60 na 34 Hz linataka kama sentimita 66. Tundu hilo pamoja na ubao wake linakula karibu lita 16! Ndiyo maana maboksi ya namna hii yanajaza buti zima la Toyota Raum. Pia kuta za boksi zinaendelea kulibana tundu upande wa ndani, hivyo kwa kawaida linashuka Hz kidogo kuliko hesabu. Usigundishe ubao wa mwisho kabla ya kupima.

Dada Waya
Mnapima na nini? Wengi hawana kifaa.

Kiwiko Kimoja
Dada, simu yenye programu ya kutoa mlio wa Hz moja moja, na punje chache za mchele. Laza boksi spika iangalie juu, sauti ndogo, weka punje kwenye koni (sehemu ya spika inayosukuma hewa). Anza 50 Hz ushuke moja moja. Mahali punje zinapotulia kuliko kote huku bomba likipuliza sana mkononi, ndiyo Hz ya boksi. Chini ya hapo zinaruka tena.

Kata bomba refu kwanza, mfano 35, ulichomeke bila gundi, upunguze. Kwa boksi hili sentimita moja inapandisha kama nusu Hz. Bomba likishakuwa fupi hulirudishi.

Dada Waya
Asante. Hz ngapi kwa singeli?

Gerezani Besi
Singeli inakimbia, 38 hadi 40 inaipa pumzi. Amapiano na Bongo Fleva ya besi ndefu, 32 hadi 35. Kwenye gari dogo ambalo buti liko wazi kwa abiria, kabini yenyewe inaongeza besi ya chini, kwa hiyo kushuka chini ya 30 ni kupoteza mbao.

Kwenye ampu weka kichujio cha chini ("subsonic", kinachozuia besi iliyo chini ya hapo) 28 hadi 30 Hz kama boksi ni 34. Chini ya Hz ya boksi hewa haiishiki tena koni, inatembea bure mpaka koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni) igonge bamba la nyuma. Spika nyingi "zilizoungua" zilikufa hivyo.

Mbao18
Nyongeza ya fundi seremala: kwa joto na unyevu wa huku pwani, MDF isiyopakwa hufura kwenye makato. Paka gundi nyeupe iliyopunguzwa maji kwenye kingo zote, mara mbili. Silikoni ya kona iache saa 24 kabla ya kufunga spika, mvuke wake si mzuri kwa koni. Kisha cheza 30 Hz taratibu, pitisha kijiti cha udi kwenye viungo. Moshi ukitetemeka mbali na bomba, kuna upenyo. Ongeza silikoni hapo.